Katibu Aliyekataa Tukio Lipite

Katibu alitazama kalenda yangu ya kwanza kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Maiti iko wapi?”

Tulikuwa kwenye kibanda cha fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, ninapokodi meza moja karibu na dirisha. Mimi hutengeneza tovuti. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikirudia kila moja mpaka niielewe, halafu tena mpaka niichukie. Chama cha akina mama wauza nafaka na samaki wakavu, chenye wanachama pande zote mbili za mpaka, kilikuwa kimenipa kazi ya kuwatengenezea tovuti yenye kalenda ya mambo yao: siku za soko, mikutano, harusi, mazishi. Huyu aliyeniuliza alikuwa katibu wa chama. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wenzake akasema kalenda hiyo itawafaa kuliko ujumbe unaozama kwenye kundi la simu kabla ya jioni. Ikishindwa, wangemcheka yeye. Mimi nilikuwa simjui mtu.

Nilimwonyesha mazishi kwa kidole. Yalikuwa mstari wa tatu, kwa herufi za kijivu, chini ya soko la Mulanda na mkutano wa kamati. Programu niliyotumia hupanga matukio kwa saa, na mazishi yalikuwa ya mchana.

“Kwa hiyo maiti inapanga foleni,” alisema. “Nyuma ya maharagwe.”

Mwenye kibanda alicheka mpaka mashine ya fotokopi ikala karatasi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetumia siku kadhaa kuchagua ile rangi ya kijivu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Ukiwa na mfumo wa kuendesha tovuti, unaweza kupachika kalenda iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine mbali huko. Kalenda hiyo huja na kiolezo, yaani faili inayoamua tukio lionekaneje: jina juu, saa chini yake, picha kando, ramani mwisho. Watu wengi hukiacha kiolezo kama kilivyokuja. Wachache hukifungua na kubadilisha maagizo yaliyomo ndani. Nilikuwa nimekifungua ili nipendezeshe. Katibu alinifanya nikifungue ili nifikiri, na sikumpenda kwa hilo mwanzoni.

Ni lazima niseme pia kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Naweza kumaliza asubuhi nzima nikisogeza tarehe kidogo kulia, kidogo kushoto, nikiitazama kwenye kompyuta, kwenye simu yangu, kisha kwenye simu ya mwenye kibanda, ambaye siku hizi akiniona nanyanyuka huiweka mfukoni. Kazi iliyokamilika hunitisha kuliko kazi iliyoharibika. Iliyoharibika unaruhusiwa kukaa nayo. Iliyokamilika lazima uitoe nje, watu waishike.

Katibu hakuwa na ugonjwa huo. “Weka,” alikuwa akiniambia. “Weka, watu waone. Wakiona ubaya, watasema wenyewe. Hawa mama, wewe unafikiri wataogopa kusema?”

Hata hivyo mtu huyohuyo alikuwa hawezi kusimama bila kufungua mshipi wa gomesi yake, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, na kuufunga upya, mpaka ncha zake mbili zining'inie sawasawa. Nimemwona akisimamisha mkutano mzima kwa sababu ncha moja ilizidi nyingine. Siku moja nilithubutu kumwuliza tofauti iko wapi kati ya mshipi wake na tarehe zangu.

“Mshipi nafunga nikitembea,” alisema. “Wewe unafunga ukiwa umekaa.”

Alikuwa na mabega mapana na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Simu aliishika mbali na uso, mkono umenyooka, na alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata vitufe. “Rudi nyuma. Soma zaidi. Shiriki. Nishiriki nini?” Ukikaa karibu naye ulijua kila ujumbe aliopata, ukiwemo wa siri. Alitaka kalenda iwe na maua pembeni, na tuliligombania jambo hilo wiki nzima. Kwenye maua nilishinda mimi. Kwingine kote nilishindwa.

Alidhani tovuti yote inakaa ndani ya kompyuta yangu. Mvua ikianza kunyesha alikuwa akinipigia simu kutoka sokoni. “Fundi, binti yangu, umefunika kalenda?” Nilimweleza kuhusu seva. Alisikiliza kwa heshima, na mvua iliyofuata akapiga tena. Nikazoea kujibu, “Nimefunika, Mama.”

Kuhusu wakati alikuwa na dhambi zake. Yeye mtunza kalenda ndiye aliyechelewa kuliko wote. Kutoka kwenye kibanda chake cha sokoni hadi ofisi ya chama ni umbali mfupi, lakini njiani alisalimia kila mtu kwa jina, na kila jina lilikuwa na mama mgonjwa au mtoto aliyefanya mtihani. Mbaya zaidi, saa alizonipa niandike zilikuwa za uongo. Mkutano wa saa tano aliuandika saa nne, ili wanachama wajivute na kufika saa tano. Nilipogundua, nilikosa usingizi. Kalenda yenye saa za uongo! Nilimwambia hilo haliwezekani, kwamba watu wanapaswa kuamini wanachosoma.

“Wanaamini,” alisema. “Wanaamini kwamba nimepunguza saa moja. Ukiandika saa ya kweli utawapoteza.”

Wiki yenyewe alinibadilishia. Kiolezo kilianza wiki Jumapili. Nikahamisha hadi Jumatatu nikijiona nimefanya la maana. Akauliza Jumatatu kuna nini. Kwa akina mama wale wiki huanza Alhamisi, siku ya soko kubwa. Mzigo hukusanywa kabla yake na hesabu zake hufanywa baada yake. Ni mpangilio mdogo tu, unachagua siku kwenye orodha, lakini siku nilipoweka Alhamisi mbele, wanawake waliacha kuniuliza kalenda inasomwaje.

Kisha ramani. Kiolezo kilikuja na ramani nzuri yenye alama nyekundu, nami nilijivunia sana ile alama. Kwenye harusi moja kijijini Masaba iliwapeleka wageni kwenye tope la mpunga. Aliyerudi na viatu mkononi alikuwa Mweka Hazina wa chama, mama wa upande wa Kenya anayeuza omena, yaani dagaa wakavu, mwenye ulimi unaokata.

“Katibu wetu,” alisema, “hii websaiti yako inajua kuogelea. Mimi sijui.”

Katibu hakunilaumu mbele yake. Baada ya Mweka Hazina kuondoka, aliniuliza ninavyofika mimi mwenyewe kwa watu. Nilisema, nauliza. “Unamwuliza nani?” Nikafikiri. Nikasema namwuliza mtu wa boda, au mwenye duka lililo karibu na njia panda. Basi tuliitoa ramani, na mahali pake nikatengeneza nafasi mpya kwenye fomu ya kuingiza tukio, ikiitwa “Ukifika, mwulize nani.” Katibu alijaza mwenyewe: shuka kwenye kinu, mwulize mama wa chapati, atakuonyesha njia yenye mikaratusi. Hakupotea mtu tena. Chini yake tukaongeza “Njoo na nini,” kwa sababu kwenye mazishi ya mwanachama kila mmoja hufika na kitu, unga au kuni au sukari, na bila mpango unga hufurika na kuni zikakosekana.

Mazishi nayo yalipanda juu. Nilibadilisha mpangilio ili tukio la mazishi litangulie chochote cha siku hiyo, na soko likaandikwa chini yake kwa maneno ya Katibu: litafunguliwa tukirudi.

Nilidhani tumemaliza. Jambo kubwa lilikuwa bado.

Mwanachama mmoja, muuza maharagwe, alifiwa na kaka yake. Mazishi yalifanyika Masaba, kalenda ikaonyesha kila kitu sawasawa, watu wakafika, kuni zikatosha. Kesho yake asubuhi Katibu aliingia kibandani bila kusalimia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

“Umemtoa kwa nini?”

“Nani, Mama?”

“Muuza maharagwe. Hayuko.”

“Tukio limepita,” nilisema. “Saa ya mwisho ikifika, mfumo unaliondoa wenyewe. Kalenda zote zinafanya hivyo.”

“Limepita kwa nani?”

Akavuta kiti akakaa, akanieleza taratibu jambo ambalo kila mwanamke wa soko lile analijua na ambalo sikuwahi kulisoma popote. Watu hawafiki wote siku ya mazishi. Mwingine alikuwa amefuata mzigo, mwingine alikuwa na mtoto hospitalini, mwingine alizuiwa mpakani kwa sababu ya karatasi. Hao lazima waende baadaye. Mpaka uende ukakae nyumbani kwa mfiwa, huwezi kupanga gunia lako karibu na lake na kumwuliza bei ya leo. Wengine huenda siku ya pili, wengine wiki ya tatu. Na yeye mwenyewe hukaa nyumbani akiwapokea, mpaka siku atakapoona moyo umekubali, arudi sokoni. Siku hiyo ndiyo mwisho. Saa tisa alasiri, mwili ukiingia ardhini, hakuna kilichoisha.

“Wewe umefunga mlango,” alisema, “na watu wako njiani.”

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa ugumu wa kazi. Kila tukio katika mfumo ule lina mwanzo na mwisho, na mwisho lazima uwe tarehe. Huwezi kuandika “moyo ukikubali.” Nilijaribu kuongeza siku kwa kukisia, wiki mbili, mwezi, na kila kisio lilikuwa la uongo kwa mtu fulani. Nilisoma maelezo ya programu ile mpaka macho yakawasha. Niliharibu ukurasa wote mara nyingi, ukabaki mweupe, nikaurudisha. Kwa mara ya kwanza sikuwa nasogeza tarehe ili ipendeze. Nilitaka kitu fulani kiwe kweli.

Hatimaye nilifanya hivi. Kwenye fomu ya mazishi niliongeza kisanduku kidogo cha kuweka alama: “Amerudi sokoni.” Kisha nikaingia kwenye kiolezo, nikakiamuru kwamba tukio likiwa la mazishi, kisiangalie tarehe ya mwisho hata kidogo, kiangalie kisanduku. Kisanduku kikiwa kitupu, mfiwa anabaki juu ya ukurasa, pamoja na njia ya kufika kwake. Mwenye mamlaka ya kuweka alama ni katibu peke yake, akishamwona mtu kwa macho yake.

Nikiwa najaribu, niliweka mazishi ya uongo, yasiyo na jina, “Mazishi, Mwello,” nikasahau kwamba Katibu hufungua kalenda kila asubuhi. Alipiga simu Mwello kuuliza aliyekufa ni nani. Mwello wakasema hawajui, lakini watauliza. Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kinaitafuta maiti yake, na wanachama walikuwa wamechanga unga. Unga ulifika ofisini, maiti haikuwepo. Niliomba radhi mpaka nikaishiwa maneno.

“Yule mzee wa Mwello,” Mweka Hazina alisema akibeba unga kuupeleka kwa muuza maharagwe, “amekufa vizuri. Hajasumbua mtu na jeneza.”

Katibu alicheka akajishika kiuno, akafungua mshipi, akaufunga upya. Tangu hapo najaribu mambo kwenye nakala iliyofichwa.

Kalenda ilikubalika. Siku ya mkutano mkuu hakuna aliyemcheka Katibu. Akina mama waliishika kama wanavyoshika mizani: bila kuisifu, ila ikikosekana wanapiga kelele. Baada ya miaka michache Katibu alisema magoti yamechoka na barabara, akaacha nafasi yake, akarudi kulima Mwello. Hakuaga kwa hotuba. Alinipa nywila yake mwenyewe, akaisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, ikabidi niibadilishe palepale.

Mwaka huu kamati mpya iliniita. Katibu wa sasa ni kijana mwenye adabu, na Mweka Hazina bado yupo. Wanataka kiolezo cha asili kirudi, kile chenye picha kubwa. Sababu yao ina jina, ingawa siliandiki: mjane mmoja, muuza mahindi, amefiwa na mume na hajarudi sokoni. Miezi inapita naye yuko palepale juu ya ukurasa. Mweka Hazina anasema ukurasa ni mzito na unakula bando, na wateja wakifungua wanakutana na msiba uleule. Wataamua kwenye kikao cha Tororo. Kwangu ni kazi ya kubonyeza mara moja.

Nilipanda boda nikaenda Mwello, siku moja kabla ya kikao.

Nilimkuta Katibu shambani, aking'oa karanga, kichwani kitambaa, bila gomesi. Amepungua mabega. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kisha nikamwomba aje Tororo aseme.

“Mimi siyo katibu,” alisema.

“Lakini kalenda ni yako, Mama.”

“Ilikuwa. Sasa hivi nani anafungua hicho kiolezo?”

“Mimi.”

“Basi sema wewe.”

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia ukweli, kwamba mbele za watu sauti yangu hukauka, na kwamba nimeandika maneno ya kusema nikayafuta kila mara kwa sababu hayajakaa sawa. Akakung'uta udongo kwenye mizizi, akageuza beseni, akakaa juu yake, akapandisha kidevu. Alipofungua mdomo ilitoka sauti ya Mweka Hazina, yenyewe kabisa, na Kiswahili chake cha upande wa pili.

“Haya msichana, tuambie. Na usituchoshe, tuko na biashara.”

Nikaanza. Nilisema kuhusu mfumo, kuhusu tarehe za mwisho, kuhusu namna kiolezo kinavyochagua matukio. Akafumba macho, akakoroma.

“Nimelala,” alisema kwa sauti yake. “Anza tena.”

Nikaanza tena, na safari hii nikasema nilichokiona asubuhi ile nikipita sokoni. Nafasi ya yule mjane iko wazi. Magunia ya jirani wa kulia yameishia ukingoni, ya kushoto vilevile, na mtu anaifagia. Soko lina msongamano, kila shubiri inagombaniwa, na hakuna aliyeigusa. “Sokoni mmemwachia nafasi,” nilisema. “Kwenye ukurasa mnataka nimfukuze.”

Hakukoroma. “Ukurasa mzito,” alisema kwa sauti ya Mweka Hazina.

“Mistari minne haina uzito. Uzito ni picha. Hizo picha kubwa mnazotaka ndizo zitakazokula bando.”

“Wateja wanaogopa msiba.”

“Wateja wanaofungua kalenda hii ni sisi wenyewe.”

“Ehe. Umejifunza kujibu watu wazima.” Akaegemea mbele juu ya beseni, na safari hii sikujua tena ni sauti ya nani. “Huyo mjane miezi yote hii hajarudi. Pengine harudi. Unataka tumsubiri mpaka lini?”

Maneno yote niliyoyaandika na kuyafuta yalinijia kwa pamoja, mazuri na mabaya. Nikaiweka mikono nyuma.

“Mpaka arudi,” nilisema.

Alinitazama, akisubiri. Nilijua anachosubiri: kama nitaongeza sababu, kisha mfano, kisha samahani. Upepo ulipita kwenye majani ya karanga. Sikuongeza kitu.

“Kesho,” Katibu alisema akiinuka taratibu, mkono kwenye goti, “ukishasema neno hilo, kaa kimya. Waache wao waongee.” Kisha akainama kwenye tuta lake, akashika shina lililofuata, akavuta.